MREJESHO: Mashua kusimama katikati ninapobisha

Wakuu, niliuliza kwa nini mashua yangu ndogo ya tanga moja inakwama nikibisha, yaani nikigeuza omo (mbele ya mashua) ipite kwenye upepo; inabaki omo imeelekea upepo na tanga linapigapiga tu. Asanteni sana. Dawa ilikuwa kuiepusha omo na upepo kidogo kwanza ili mashua ipate mwendo, kisha kusukuma kana (mpini wa usukani) taratibu. Ukiisukuma ghafla usukani unageuka breki. Ikikwama, nalisukuma tanga nje mpaka mashua irudi nyuma, halafu usukani unaielekeza omo pembeni.

Kugeuza kwa kupitisha tezi (nyuma ya mashua) kwenye upepo bado kunanishinda, ule mti wa chini ya tanga unavuka kwa kasi ya kutisha. Upepo ukiwa mkali nazunguka kwa kubisha badala yake, kama mmoja wenu alivyosema. Ushauri wa kufunga demani (kamba ya kuongozea tanga) ili mkono upumzike sikuufuata, na sitaufuata.