Kubadili M4A kuwa MP3: nikiweka 320 sauti itabaki ileile?

Mwanakwaya
Wakuu, salaam. Nina rekodi za mazoezi ya kwaya yetu, zote M4A, ndani ni AAC (njia ya kubana sauti) ya kilobiti 128 kwa sekunde. Redio ya gari la mwalimu wetu inasoma MP3 tu. Nimepanga nizigeuze kwanza ziwe MP3, halafu nikate maongezi ya mwanzo, halafu nipandishe sauti maana iko chini. Mwenzangu anasema nikichagua kilobiti 320 hakipotei kitu, tena ubora utaongezeka kwa kuwa namba ni kubwa. Ni kweli?

Tingo
Weka 320 usonge mbele, mkuu. Garini hutasikia tofauti.

Fundi wa Mawimbi
Mkuu, 320 hairudishi kilichokwisha kutupwa. AAC ilipobana rekodi yako ilipima ni sauti zipi sikio halitazinasa kwa kuwa zimefunikwa na nyingine zenye nguvu, nyingine ikazitupa kabisa, nyingine ikazihifadhi kwa makadirio. Sasa MP3 itayachukua makadirio hayo kana kwamba ndiyo sauti halisi, na itatumia biti zako kutunza hadi kasoro zake. Utapata faili kubwa mara mbili na nusu lenye ubora wa chini kidogo ya M4A uliyoanza nayo. Hata FLAC, inayobana bila kupoteza kitu, haisaidii hapo: haipotezi zaidi, lakini haiongezi.

Kinachofanya ubora ushuke tena ni kwamba kila kodeki (njia ya kubana, kama AAC au MP3) huikata sauti vipande kabla ya kukadiria. AAC ya kawaida huenda kwa fremu (vipande hivyo) za sampuli 1024, yaani vipimo 1024 vya sauti, MP3 kwa 1152, kwa hiyo mipaka yao haikutani. Makosa ya kwanza yalipangwa yajifiche nyuma ya sauti fulani. Makosa ya pili yanapandia juu yake, na maficho hayatoshi tena. Sikiliza makofi, matoazi, na "s" za waimbaji wa sauti ya kwanza. Kabla tu ya kofi kutua utasikia mchakacho mfupi kama mchanga ukimwagika. Hayo ni makosa ya kofi lenyewe yaliyosambaa kipande kizima, hadi kwenye ukimya uliolitangulia. Besi huwa haziathiriki sana.

Lakini kinachonitia wasiwasi zaidi ni hatua zako tatu. Ukifungua MP3 kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, inafumuliwa yote, na ukiihifadhi tena kama MP3 inabanwa upya. Kugeuza, kukata, kupandisha sauti: ukihifadhi MP3 kila mara, umebana mara tatu juu ya ile ya kwanza. Fungua M4A yenyewe (Audacity itakudai FFmpeg, programu ya kusoma na kugeuza faili za sauti na video, kwa kazi hiyo), kata, pandisha sauti bila sehemu zenye nguvu zaidi kupita kikomo, kisha toa MP3 mara moja tu, mwishoni. 192 au 256 inatosha.

Tingo hajakosea kuhusu garini, mngurumo wa injini unaficha mengi. Ila faili halitabaki garini. Mtu ataomba nakala, ataikata, ataituma kwa programu inayobana tena. Nakuomba sana, M4A usizifute. Kila nakala mpya itoke kwenye hizo, kamwe isitoke kwenye MP3 ya gari.

Mwanakwaya
Asante sana mkuu, nimeelewa. Na zile zilizomo kwenye video za MP4? Programu ya simu yangu huzitoa kama MP3. Pia nina MP3 za zamani ambazo asili zake zimepotea, nataka kuzipunguza mwanzo tu.

Fundi wa Mawimbi
Sauti ya MP4 mara nyingi ni AAC tayari, kwa hiyo itoe kama ilivyo:

ffmpeg -i video.mp4 -vn -c:a copy sauti.m4a

Itaisha haraka mno, kwa sababu hakuna kinachobanwa, data inahamishwa tu kutoka chombo kimoja (aina ya faili, kama MP4) kwenda kingine.

MP3 za zamani zikate kwa programu ya mp3DirectCut. Inakata kwenye mipaka ya fremu bila kufumua chochote, na fremu moja ni kama milisekunde 26, hutaona pengo. Hata sauti inaweza kupandishwa bila kubana upya, kwa kubadili namba ya nguvu iliyo ndani ya fremu, ila inakwenda kwa hatua za desibeli 1.5.

Msikivu
Nami nina swali wakuu. Nimepewa MP3 ya 320, nikaitazama kwenye spektogramu (picha ya masafa ya sauti), juu ya kilohezi 16 ni nyeusi tupu. Nimeuziwa 128 iliyopandishwa?

Fundi wa Mawimbi
Inawezekana, maana MP3 nyingi za 128 hukatwa karibu na hapo. Usimhukumu mtu kwa picha peke yake, lakini: rekodi nyingine hazina kitu huko juu tangu kwenye maikrofoni. Tazama kama weusi unaanza kwa mstari ulionyooka wimbo mzima, hata matoazi yanapolia. Ukiuona mstari huo, mwombe aliyekupa faili alilopata yeye mwenyewe mwanzoni.