Keki ya Krismasi inabonyea katikati kila nikioka, na zimebaki siku 6

TunuWaUmoja – Desemba 19, saa 3 usiku
Wadau wa jikoni, nisaidieni kabla sijaaibika. Krismasi hii wageni ni 18, wote wanakuja kwangu Umoja, Nairobi, na keki nilishasema naoka mimi. Nimejaribu mara mbili. Zote ziliumuka, zikajaa mkebe, juu zikapata rangi ya kahawia ya kupendeza. Nilipozitoa zikaanza kushuka. Baada ya dakika 10 katikati pana shimo la kuingia ngumi, na ukikata unakutana na utepe mzito unaonata kisu.

Vipimo: unga nusu kilo, siagi gramu 250, sukari gramu 250, mayai 6, maziwa nusu kikombe, zabibu kavu kikombe kimoja, baking pauda vijiko 3 vya chai. Oveni digrii 180, dakika 40, kama yalivyosema maelezo ya Uingereza niliyoyafuata. Shida ni mayai? Au niongeze baking pauda?

Mizani – saa 3:25 usiku
Usiongeze, punguza. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku inakandamiza kwa nguvu ndogo kuliko ya pwani, kwa hiyo gesi inayotoka kwenye baking pauda hutanuka zaidi. Keki inapanda mbio kabla mayai na unga havijaganda vikaishika, vipovu vinapasuka, inaketi. Maji nayo huku yanachemka kwenye digrii 94 hivi, unyevu unakimbia mapema.

Ukipewa kipimo cha watu wa nyanda za chini, kila kijiko 1 cha baking pauda kifanye robo tatu. Sukari punguza vijiko 3 vya mezani, maana ikizidi inachelewesha keki kushikana. Maziwa ongeza vijiko 4 vya mezani. Halafu useme: unga wenyewe ni upi?

ChapoMoto – saa 3:40 usiku
Watu 18 wanataka kushiba, dada. Pakiti ya kilo 2 hutoa chapati 25 hivi za ukubwa wa kawaida. Maji ya uvuguvugu lita 1 na robo lita pembeni ya kuongeza kidogo kidogo, chumvi kijiko 1 cha mezani, mafuta nusu kikombe. Kanda dakika 15, funika nusu saa. Zinakuwa ngumu kwa sababu watu wanakanda unga mkavu kwa kuogopa kunata. Unga laini ndio chapati laini. Na chapati haibonyei.

Mwana wa Pwani – saa 3:52 usiku
Achana na baking pauda kabisa, fanya mkate wa mayai. Mayai 6, sukari kikombe 1, unga kikombe 1, iliki ya kusaga kijiko 1 cha chai. Mayai na sukari vipigwe mpaka vigeuke vyeupe na vizito, ukiinua mwiko mchirizi ukae juu kidogo kabla ya kuzama. Unga uingie mwisho, kwa kukunja, si kwa kukoroga. Zabibu zipange juu baada ya dakika 10, ukizitia mapema zinazama. Hapo kinachoumua ni hewa ya mayai tu.

TunuWaUmoja – saa 4:05 usiku
Asanteni. Chapati shemeji atapika, mkate wa mayai siku nyingine. Ninataka keki. Unga ni ule wa kujiumua wenyewe, wa pakiti.

Mizani – saa 4:09 usiku
Basi kosa la kwanza hilo hapo. Unga wa kujiumua tayari una kiumuzi chake kinachotosha. Wewe ukaongeza vijiko 3, kwenye mji ambao hata kile cha pakiti pekee kinasukuma kupita kiasi.

Bibi Makaa – saa 4:15 usiku
Oveni yako ni ya gesi au ya umeme? Moto unatoka chini tu, au na juu?

TunuWaUmoja – saa 4:21 usiku
Ya kawaida tu. Nikitoa hivyo vijiko 3 itakaa sawa? Maana ile ya siku yenyewe nataka niongeze vipimo mara mbili, unga kilo nzima, keki moja kubwa.

Bibi Makaa – saa 4:24 usiku
Ya kawaida ndiyo ipi, mwanangu? Keki iliyopata rangi juu ikaacha utepe mbichi ndani inasema habari ya moto. Sitakupa vipimo vya kilo nzima bila kujua inaokwa ndani ya nini.

Mzee wa Lango – saa 4:40 usiku
Mama, Krismasi ni watu kukaa pamoja. Hata mkate na chai vinatosha. Mwenzako asikuone umejitaabisha ukaingia Januari huna ada ya watoto.

TunuWaUmoja – saa 5:02 usiku
Naona hamtaniacha. Si oveni. Ni sufuria kubwa juu ya jiko la makaa, mchanga chini, mkebe ndani, makaa juu ya kifuniko. Niliandika oveni kwa sababu nilijua nikisema jiko mtaniambia nikanunue keki dukani. Sinunui. Unga pakiti 2 uko ndani, siagi kilo iko ndani, zabibu zimelowa kwenye juisi ya machungwa, na mkebe wa inchi 12 nimeshauazima. Niambieni jinsi ya kuoka hiyo kubwa, msiniambie nisioke.

Bibi Makaa – saa 5:20 usiku
Hakuna wa kukuambia usioke. Pwani wamekuwa wakipalia makaa, yaani kuyaweka juu ya kifuniko, toka zamani, na mikate inaiva. Ungesema mapema tungeokoa usiku mzima.

Mchanga uwe mkavu, kina cha vidole viwili, na juu yake weka kigoda cha bati au mawe 3 bapa ili mkebe usiguse mchanga. Funika sufuria tupu, ipashe dakika 20. Kupima moto, weka kipande cha karatasi ya kuokea ndani na unyunyize unga kidogo juu yake. Baada ya dakika 5 ukiwa umegeuka rangi ya chapati iliyoiva vizuri, moto ni wa keki. Ukiwa mweusi, toa makaa ya chini. Ukibaki mweupe, subiri.

Makaa yasiwe sawa juu na chini. Theluthi chini, theluthi mbili juu. Kwa sufuria ya kuingia mkebe wa inchi 9, vipande 7 au 8 vya ukubwa wa yai chini, 15 hivi juu, vipangwe ukingoni mwa kifuniko kwa duara, katikati vichache tu. Kila dakika 25 ongeza ya juu yaliyokwisha kushika moto. Usiweke makaa meusi, yanatoa moshi na keki inaunusa.

Kifuniko usikifungue kabla ya dakika 50. Ukikifungua, kiinue wima kwa koleo, usikiinamishe, majivu yataanguka kwenye keki.

Inchi 12 sikushauri. Mdomo wa jiko la kawaida ni mdogo kuliko sufuria itakayoimeza, kwa hiyo moto utapiga katikati ya kitako na ukingo utabaki baridi. Na kutoka ukingoni hadi kiini cha keki ni sentimita 15. Juu na chini pataungua kiini kikiwa uji. Oka mbili za inchi 9.

TunuWaUmoja – saa 5:31 usiku
Nimeahidi moja kubwa. Mbili zitaonekana kama nilishindwa. Na kuoka mara mbili ni makaa mara mbili. Nitaoka usiku wa tarehe 24 ndani ya nyumba watoto wakilala, dirisha litakuwa wazi.

FundiBati – saa 5:38 usiku
Dada, hilo la ndani ya nyumba liondoe kabisa. Makaa yanatoa gesi isiyo na rangi wala harufu, na makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya watu. Dirisha moja halitoshi, tena na watoto wamelala humo. Toka nje au panda juu ya paa penye kamba za nguo. Upepo ukiwepo kinga jiko kwa bati pande mbili, bila kuziba mlango wake wa hewa.

Ukipita Kamukunji kwa mafundi wa jua kali utapata oveni za bati za makaa zenye trei ya juu na ya chini. Kabla ya kununua fungua mlango na uangalie kama unakaa sawasawa kote. Ukiona mwanga pembeni, joto litapita hapo.

Mizani – Desemba 20, saa 1 asubuhi
Nimesoma tena ujumbe wa kwanza na unanisumbua. Digrii 180 alizipima na nini? Jiko la makaa halina kitasa cha namba. Halafu vipimo vyake vinatoa rojo la kilo moja na nusu na ushei. Rojo hilo kwenye makaa haliivi kwa dakika 40, na mtu yeyote akichoma kijiti anaona. Mtu anaoka mara mbili, anapata jambo lilelile, na hachomi kijiti? Nadhani uzi huu umetungwa ili mapishi yakusanywe. Kila Desemba yanatokea.

ChapoMoto – saa 1:12 asubuhi
Hata mimi nilishangaa oveni kugeuka sufuria usiku mmoja.

Mwana wa Pwani – saa 1:20 asubuhi
Hata kama umetungwa, maelezo ya Bibi Makaa ni ya kweli. Nimeyanakili.

Bibi Makaa – saa 1:45 asubuhi
Msimshtaki kabla ya kumuuliza. Tunu, jibu moja tu. Kijiti ulikichoma wapi?

TunuWaUmoja – saa 2:30 asubuhi
Sijatunga chochote. Digrii 180 ni za kwenye maelezo, nikaandika hivyohivyo, nakubali nilikosea. Kijiti nilichoma pembeni, vidole viwili kutoka ukingoni, mara zote mbili, na kilitoka kikavu. Katikati sikutaka kuacha tundu. Hapo ndipo nitakapoandika jina la mama mkwe. Anatimiza miaka 70 tarehe 25, na ndiyo maana nataka iwe moja.

Mizani – saa 2:41 asubuhi
Dada, niwie radhi. Mtu anayetunga hawezi kulifikiria tundu la kijiti. Na umejibu swali lako mwenyewe. Ukingo wa keki huiva mapema kuliko kiini, kwa hiyo ulikuwa unapima sehemu iliyoiva. Keki zako zilitolewa mbichi katikati. Kiumuzi kilichozidi kilizipandisha, na ndani hapakuwa na kitu kilichoganda cha kuzishika. Choma katikati kabisa, mpaka chini.

Unga usiutupe. Changanya gramu 400 za ule wa kujiumua na gramu 100 za unga wa kawaida wa chapati, baking pauda usitie hata chembe. Maziwa yawe robo tatu ya kikombe. Mayai yatoke kwenye friji saa moja kabla, ukiyatia baridi kwenye siagi mchanganyiko unakatika kama maziwa yaliyoganda na hewa uliyoipiga inapotea. Mkebe usijae kupita theluthi mbili. Ya pili ikoroge ya kwanza ikishatoka, kwa sababu kiumuzi huanza kazi kikiguswa na maziwa, rojo likisubiri saa nzima limekufa.

Bibi Makaa – saa 2:55 asubuhi
Na kama ni moja anayotaka mama mkwe: oka mbili za inchi 9, zikipoa zibandike moja juu ya nyingine kwa jemu ya nanasi vijiko 4 vya mezani. Inakuwa moja, ndefu, na kisu kinapita vizuri. Hujavunja ahadi.

TunuWaUmoja – saa 3:10 asubuhi
Hilo sikuliwazia. Na paa tunalo. Nitajaribu moja kwanza.

TunuWaUmoja – Desemba 22, saa 11 jioni
Nimeoka leo juu ya paa, nyuma ya tangi la maji ambako upepo hauingii. Mkebe wa inchi 9, vipimo vya Mizani, makaa 7 chini na 15 juu, ya juu nimeongeza mara mbili. Unga wa kwenye karatasi ulikuwa mweusi mara ya kwanza, nikatoa makaa 2 ya chini, mara ya pili ukawa rangi ya chapati. Dakika 70 kijiti cha katikati kilitoka na uji. Dakika 82 kikatoka na chembe mbili tatu kavu. Imeshuka kidogo sana, nusu ya kidole. Nimekata kipande, utepe haupo. Chini upande mmoja umeungua, unene wa ganda la yai.

Sasa tundu liko katikati, linaonekana. Nilizibe na nini ili niandike jina?

Bibi Makaa – saa 11:20 jioni
Usilizibe. Ile ya juu igeuze, kitako kiangalie juu, ndicho kilicho tambarare. Iache kwenye mkebe dakika 15, kisha itoe ipoe kabisa, saa 3 au zaidi, ndipo uigeuze. Penye kuungua pakwangue kwa upande mdogo wa kikwaruzo cha karoti, pole pole, mpaka rangi ilingane. Sukari laini ya unga kikombe 1, juisi ya limau vijiko 2 vya chai, kisha tone kwa tone mpaka uzi wake usikatike ukiinua kijiko. Tia kwenye mfuko safi wa nailoni, kata kona ndogo kama kichwa cha kiberiti, uandike jina lake lote.

Mizani – saa 11:26 jioni
Anza na herufi ya katikati ya jina, uende pande zote mbili. Ukianzia kushoto herufi za mwisho zitakosa nafasi.