Mazoezi yameniponyoka, naanzaje tena?

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu mambo vipi. Wengine mnakumbuka mwaka jana nilivyowasumbua humu na habari za kukimbia mpaka mtu akaniambia dada tumekusikia. Basi ule moto umezimika. Mwezi wa 11 nilihamia zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee, Desemba nikaenda Dar wiki 4, huko sasa pilau za harusi, chipsi mayai, soda baridi kila unapokaribishwa, na ukikataa unaambiwa Ulaya imekutia maringo. Narudi Leicester, huku Uingereza, ni giza saa 10 jioni, navua yunifomu nalala, naamka nakula, narudi kazini. Na kazini nako ndugu wa wazee wanaleta maboksi ya chokoleti ya kushukuru, yamekaa pale pembeni ya birika, saa 9 usiku nani anakumbuka tufaha? Juzi nikajaribu kukimbia kama zamani, dakika 5 tu nimeshika nguzo ya taa natafuta pumzi, akapita mzungu na mbwa wake wote wananionea huruma. Mliowahi kuacha mkarudi nisaidieni. Jimu nalipa kila mwezi na sikanyagi, hilo msiniambie nalijua.

Dada yenu wa Leicester

---

Marahaba mwanangu. Wewe unataka uanzie pale ulipoishia, na pale pameshaondoka. Ile Couch to 5K, ratiba ya wanaoanza kukimbia ya NHS, huduma ya afya ya serikali huku, irudie kuanzia wiki ya 1 usione aibu, ni wiki 9, siku 3 kwa wiki, mwanzoni unakimbia sekunde 60 unatembea dakika moja na nusu, basi. Mimi wiki ya 3 nimeirudia mara nne na hakuna aliyenishtaki. Halafu kuna parkrun, mbio za pamoja bustanini, Jumamosi saa 3 asubuhi, bure kabisa, unajisajili mara moja mtandaoni unapata barkodi yako. Kilomita 5 hata ukizitembea zote sawa tu, na kuna mtu wa kujitolea ambaye kazi yake ni kutembea nyuma ya wote, kwa hiyo wa mwisho ni yeye siyo wewe.

Kama umefika 40 nenda ule uchunguzi wa afya wa GP, daktari wako wa mtaani, England wanawaita watu wa miaka 40 mpaka 74 kila baada ya miaka 5. Barua yangu niliiacha juu ya friji miezi, nilipokwenda ndo nikaambiwa sukari imeanza kupanda. Nilijiona mzima kabisa!

Babu wa Leeds

---

Babu ameongea miguu, mi wacha niongee sufuria. Nimefanya night miaka 6. Usijidanganye eti unaacha ugali, utaacha siku tatu ya nne ule wa watu wawili. Mimi ugali nakula saa 12 jioni kabla sijatoka, kiasi cha ngumi yangu, mboga ndo nyingi. Usiku nabeba maharagwe, naloweka siku ya ofu, nachemsha sufuria kubwa, nagawa kwenye vikopo naweka friza. Njaa ya saa 9 ukiikuta na kikopo mkononi ile chokoleti haina nguvu sana, ila ukija mikono mitupu imekumaliza. Mafuta pima na kijiko jamani, tuache kumimina.

Sukuma wiki msihangaike na ile mboga yao inayoitwa “kale”, ya majani ya kujikunja, chukueni spring greens, yale majani ya kabichi changa isiyofunga, ndo karibu kabisa na ya nyumbani. Mchicha nendeni kwa Wabangladeshi, ule mwekundu wanauita lal shak. Na vitamini D msisahau, mikrogramu 10 kwa siku wakati wa baridi, sisi weusi wanashauri tufikirie mwaka mzima.

Mama Junior, Coventry

---

Naongeza moja tu, wenye sukari mnaotumia dawa, hasa sindano ya insulini, msianze kufunga kula ovyo kabla ya kuongea na nesi wenu. Mimi nilitaka kupungua haraka nikashinda na chai tupu baada ya zamu, nikadondoka kwenye kituo cha basi.

Kaka wa Reading

---

Pole sana kaka. Asanteni wote, Babu umenisema lakini umenisema vizuri. Jimu nimeifuta leo. Nimejisajili parkrun ya Victoria Park, ila Jumamosi hii natoka zamu saa 2 asubuhi, sitajidanganya, naenda ya wiki ijayo na nitatembea. Jana nimefanya wiki ya 1 siku ya 1, saa 8 mchana kabla giza halijaingia, nguzo ya taa sikuishika.

Mama Junior, zile spring greens nimezipata, majani mapana hivi kama yamekunjana. Ule uti wa katikati unautoa au unaukata nao?

Dada wa Leicester

---

Unautoa ukikauka. Ukiwa laini kata nao, nyembamba kabisa.

Mama J