Naomba ushauri: yoga kwa watoto wa miaka 4, 8 na 13

Habari zenu wakuu. Nipo Nyegezi, Mwanza. Kila alfajiri, upepo wa ziwa ukiwa bado wa baridi, natandika mkeka barazani nafanya yoga, na sasa wanangu watatu wanajipanga nyuma yangu. Wa miaka 4 namwacha aige wanyama tu: paka, nyoka, chura. Dakika tano kashakimbia. Wa miaka 8 anasimama kama mti, kwa mguu mmoja, vizuri kabisa. Shida ni wa 13. Tangu arefuke ghafla viungo vimekaza, halafu anang'ang'ania kusimama kwa kichwa. Nimemkatalia, naogopa shingo. Mliowahi kufundisha watoto, huyu nimwanzishe na mikao gani? Na yule mdogo, kupumua taratibu anafundishwaje?