Tabora: hizo njia za baiskeli mnamchorea nani?

Wakuu salaam. Leo naongea kwa hasira, mnivumilie.

Kwenye kikao cha mtaa tumeonyeshwa mchoro wa barabara inayotaka kupanuliwa, tukaambiwa kwa mbwembwe kwamba na sisi tunapata njia ya baiskeli. Watu wakapiga makofi. Nikausogelea ule mchoro. Njia yenyewe ni kamstari ka rangi pembeni ya lami, upana kama mita moja, kanaanzia mjini kwenye maofisi na kanaishia hukohuko mjini, alafu kakifika njia panda kanapotea kabisa mpaka uvuke ndo kanatokea tena. Yaani pale ambapo gari linakata kona na kukugonga ndo hakuna njia!

Hivi aliyechora amewahi kusimama barabarani saa kumi na mbili asubuhi? Baiskeli za Tabora hazitokei maofisini. Zinatokea Kwihara, zinatokea upande wa Sikonge, upande wa Urambo, upande wa Nzega, zimebeba mkaa, matenga ya nyanya, madumu ya maziwa, kuku wananing'inia kwenye usukani, fundi kafunga mbao zake kwa mpira, wanafunzi wamepakizana mmoja kwenye keria mwingine kwenye bomba, wote hao wanaingia mjini wakigombania ukingo wa lami na malori na mabasi ya mikoani. Na sehemu mbaya ni huko nje kabla hujafika mjini, lami imeinuka na pembeni ni mchanga mtupu, dereva akikupigia honi inabidi ushuke, tairi la mbele linazama, mzigo unakuvuta chini. Ukiangukia upande wa lami ndo basi tena. Huko ndiko mchoro haukufika.

Tuje kwenye hiyo mita moja. Gunia la mkaa likilazwa kwenye keria linajaza hiyo njia yote na kutokeza pembeni, sasa mwenye mkaa apite wapi na anayetaka kumpita apite wapi? Waholanzi, ambao baiskeli zao nyingi zinabeba mtu na begi lake, wanashauri mita 2 kwa njia ya uelekeo mmoja. Sisi wenye mizigo ndo tupewe nusu yake?

Na rangi haizuii gari. Dar kwenye barabara ya mabasi ya mwendokasi yaliyoanza 2016 waliweka njia ya baiskeli pembeni, nendeni mkaangalie nani anaitumia, bodaboda wanapita, wengine wamepaki, biashara zimepangwa juu yake. Hapa itakuwa hivyohivyo, bajaji zitapaki siku ya kwanza tu, na mimi siwalaumu wao kwa sababu hawajatengewa pa kupaki, nalaumu aliyeacha uwazi bila ukingo wa zege. Weka ukingo, weka maegesho ya bajaji na boda kwenye mchoro huohuo, kila mtu ajue pake.

Mtu ataniambia hela hakuna. Sevilla kule Hispania, mji wa joto kali na tambarare kama hapa, ulikuwa hauna njia za baiskeli za kueleweka, wakaamua, 2006 na 2007 wakajenga kilomita zinazokaribia 80 kwa mkupuo, zimetengwa na magari, na zote zimeungana. Nyingi walizipata kwa kuchukua sehemu za kupaki magari. Siri ni hapo kwenye kuungana, maana mtu hapandi baiskeli kwa ajili ya nusu kilomita nzuri katikati ya kilomita 5 za kuponea chupuchupu. Sisi hatuhitaji kilomita 80, tupeni njia 3 tu kutoka nje mpaka sokoni, zisikatike.

Alafu kuna hili la miembe, hapa ndo damu inanichemka. Kila wakitaka kupanua barabara macho yanaenda kwenye miembe. Miembe ya Tabora ina historia ya misafara, imetupa kivuli sisi na babu zetu, na mnajua jua la mwezi wa kumi hapa lilivyo. Pitisheni njia ya baiskeli NYUMA ya miembe, mti ubaki katikati ya baiskeli na gari, hapo umepata kizuizi na kivuli kwa mpigo. Kukata mwembe ili upake mstari wa baiskeli juani ni kutukomoa.

Na SGR nayo inakuja. Mliopanda ile ya Dar-Dodoma mmeona, reli yote ina uzio, huwezi kukatiza unavyotaka, ni mpaka kwenye daraja au njia ya chini. Sasa watu wa ng'ambo ya reli waliozoea kukatiza na baiskeli watazunguka umbali gani? Hilo liulizwe sasa hivi, zege likishamwagwa hakuna wa kulivunja.

Kuna bwana mmoja kwenye kikao akasema baiskeli ni umaskini, vijana watanunua pikipiki, mambo yataisha yenyewe. Mzee wangu, nakuheshimu ila hapo umetukosea. Huyo anayeleta maziwa unayonywa asubuhi kaja na baiskeli. Mtoto anayetoka mbali kwenda sekondari hana pikipiki na hatakuwa nayo mwaka huu. Kwenye makazi sheria inasema mwisho spidi 50, na lori likikupiga kwenye hiyo 50 halikuulizi una hela kiasi gani.

Ninachotaka: mchoro ubandikwe ofisi zote za mitaa kabla mkandarasi hajaleta greda, na waliouchora waje wasimame alfajiri kwenye hizo barabara za kuingia mjini wahesabu baiskeli wenyewe, siku ya gulio na siku ya kawaida. Mwenye tarehe ya kikao kijacho aiweke hapa. Tuje na baiskeli zetu, magunia yakiwa juu, wazipime kwa futi.