Pawa saplai ya wati 500 itaibeba RTX 3060?

Mpenda_Gemu
Wakuu, habari za muda huu. Mashine yangu ni ya mezani: prosesa Core i5-10400F, RAM GB 16, SSD moja, diski moja, kadi ya picha GTX 1050 Ti. Kuna mtu ananiuzia RTX 3060 ya GB 12 na anataka jibu haraka. Pawa saplai yangu imeandikwa 500W kwa maandishi makubwa, ila NVIDIA, wenye chipu ya kadi hiyo, wanashauri 550. Pungufu ni 50 tu. Nikiifunga hivyo hivyo itakubali, au naenda kuunguza vitu? Natanguliza shukrani.

Kibiriti_Ngoma
Funga tu mkuu. Hizo 550 wameweka za kujilinda. 3060 inakula wati 170, prosesa 65, jumla 235. Nusu ya pawa saplai inabaki imelala.

Fundi_Ampea
Kuhusu 170 uko sawa, na 550 kweli ina akiba ndani yake, maana NVIDIA hawajui mtu ana pawa saplai ya aina gani. Lakini 65 ya i5 hiyo ni ya mwendo wa kawaida. Ikipanda turbo, yaani ikijiongezea kasi, Intel walioitengeneza wanairuhusu ifike 134 kwa muda mfupi.

Mleta uzi, achana na hiyo 500. Fungua ubavu wa kesi utafute stika yenye jedwali la +3.3V, +5V na +12V. Kadi na prosesa karibu chakula chote vinachota kwenye +12V. Tuwekee ampea zake, na useme kebo za kadi zina pini ngapi.

Mpenda_Gemu
+12V 25A, +5V 30A, +3.3V 28A. Kebo ya kadi ipo moja, pini 6. 1050 Ti yangu haina hata tundu la kebo.

Fundi_Ampea
Basi jibu umelileta mwenyewe. Volti 12 × ampea 25 = wati 300. Zilizobaki ni za 5 na 3.3, mpangilio wa enzi za mashine za zamani. Sasa 170 + 134 = 304, na hapo feni na diski bado. Halafu kadi hizi hurukaruka, kwa milisekunde chache zinavuta zaidi ya hiyo 170. Utakachoona ni gemu kukolea, kisha mashine kuzima ghafla kama imechomolewa. Hapo ulinzi wa pawa saplai umefanya kazi. Kwenye pawa saplai za kubahatisha, ulinzi nao ni wa kubahatisha.

Kibiriti_Ngoma
Hesabu nimeielewa. Ila 3060 nyingi zinataka pini 8 na yeye ana 6, si anaongezea kwa adapta ya SATA (kebo ya umeme wa diski) kwenda pini 8?

Dada_Soketi
Hapana jamani, hiyo ndiyo inayoyeyusha plastiki! Kichwa cha SATA kina pini 3 za volti 12, kila moja ampea 1.5. Ni wati 54. Pini 8 ya kadi inaruhusiwa kuvuta hadi 150.

Kama hataki kubadili pawa saplai, atafute RTX 3050 ya GB 6. Ni wati 70, matoleo mengi hayana tundu la kebo, yanalishwa na sloti ya ubao mama kama 1050 Ti yake. Haifiki 3060, tusidanganyane, ila 1050 Ti inaiacha mbali. Aking'ang'ania 3060, atafute 550 yenye +12V kuanzia 40A na kebo yake halisi ya pini 8.

Mpenda_Gemu
Nang'ang'ania 3060 😅. Nimepata pawa saplai ya 650, +12V 54A, kebo za kuchomoa. Shida ni kwamba kebo yake ya pini 8 imepotea. Niazime kebo ya jamaa yangu? Yake ni ya kampuni nyingine, lakini kichwa kinaingia.

Dada_Soketi
Usithubutu. Upande wa kadi pini zina mpangilio mmoja, ila upande wa pawa saplai kila kampuni inapanga inavyotaka. Kuingia kitaingia, kisha volti 12 inatua pasipo pake na kadi imekwenda. Mwambie muuzaji alete kebo iliyotengenezwa kwa modeli hiyo hiyo, la sivyo mwachie mzigo wake.