Naomba ushauri: tovuti za uhakika kwa dizaina asiye na programu za kulipia

Penseli2B:
Habari wakuu. Natafuta sehemu za kupata fonti, picha na ikoni ninazoweza kutumia kwenye kazi za wateja bila kuja kudaiwa baadaye. Kazi zenyewe ni nembo, vipeperushi vya A5 na matangazo ya mitandaoni. Programu za kulipia kila mwezi siziwezi, na kompyuta ina RAM ya GB 4. Orodha za "tovuti 100 bora" nimezisoma, ila hazisemi ipi inaruhusu nini. Nianzie wapi?

WinoMweusi:
Anzia kwenye leseni, uzuri utafuata.

Fonti: Google Fonts. Nyingi za pale zina leseni ya SIL Open Font License. Unachapa, unatengenezea nembo, unazipachika ndani ya PDF ya mteja. Usichoruhusiwa ni kuliuza faili la fonti peke yake. DaFont ingia macho yakiwa wazi, kwa sababu fonti nyingi za pale ni za matumizi binafsi tu. Maelezo hayo yako karibu na kitufe cha kupakua, kwa maandishi madogo ambayo watu huyaruka. Fungua zip, soma faili la maandishi lililomo. Likisema binafsi, kipeperushi cha mteja hakimo.

Kabla hujaipenda fonti, ijaribu kwa neno "ng'ombe" na namba ya simu. Fonti kadhaa za mapambo hazina hiyo alama ya juu, kwa hiyo programu inaazima ya fonti nyingine na neno linaonekana limetiwa kiraka. Nyingine zinayo, lakini inaacha pengo utadhani ni maneno mawili.

RulaNaKisu:
Naongezea upande wa picha. Unsplash, Pexels na Pixabay zinaruhusu kazi za biashara bila kumtaja mpiga picha. Ila ruhusa hiyo ni ya mpiga picha, si ya mtu aliyepigwa. Ukiuchukua uso wa mtu ukauweka kwenye tangazo la dawa kana kwamba yeye ndiye aliyepona, leseni haikukingi. Wikimedia Commons kila faili lina masharti yake (CC ni leseni za Creative Commons): CC0 huru, CC BY lazima utaje jina, CC BY-SA kazi uliyoitengeneza kutokana nayo nayo itoke kwa leseni ileile, jambo ambalo wateja wengi hawalitaki.

Nembo usiiunge kwa vipande vya Canva. Masharti yao hayaruhusu michoro ya maktaba yao kusajiliwa kama alama ya biashara, na sababu iko wazi: mchoro huohuo yeyote anaweza kuuchukua. Chora mwenyewe kwenye Inkscape, programu ya bure ya kuchora.

Halafu kila unachopakua, piga picha ya skrini ya ukurasa wa leseni na uandike tarehe. Masharti hubadilika, Unsplash yenyewe iliacha CC0 mwaka 2017 ikaweka leseni yake.

Penseli2B:
Asanteni sana. Swali la pili: mchapaji amekirudisha kipeperushi, anasema rangi ni za RGB (za skrini) na picha ni ndogo. Picha ina upana wa pikseli 1080, kwenye skrini inaonekana safi kabisa.

MezaYaKuchapia:
Skrini inakudanganya, mkuu. Kuchapa kunataka pikseli 300 kwa kila inchi. Piga hesabu: 1080 gawanya kwa 300 ni inchi 3.6, yaani sentimita 9 hivi. A5 ni milimita 148 × 210. Ongeza milimita 3 za kukatwa kila upande, inakuwa 154 × 216, sawa na pikseli 1819 × 2551. Kuikuza picha ndani ya programu hakusaidii, unanyoosha pikseli zilezile.

RGB: Inkscape hufanya kazi kwa RGB, mchapaji anatumia CMYK, yaani wino nne: samawati, majenta, njano na nyeusi (K). Tengeneza nakala ya SVG, geuza maandishi yawe njia, yaani maumbo ya kuchorwa (Shift+Ctrl+C), kisha ifungue kwenye Scribus, programu ya bure ya kupanga kurasa. Washa usimamizi wa rangi, weka profaili ya ICC (faili linaloeleza rangi za mashine) utakayopewa na mchapaji, toa PDF/X-3, aina ya PDF ya kuchapia. Usimamizi wa rangi usipowashwa, chaguo hilo halipatikani. Vivuli na ukungu vilivyowekwa kwa vichujio vya Inkscape hupotea humo, usishangae.

Maandishi meusi madogo yape K 100% peke yake. Nyeusi iliyotoka RGB hugeuka mchanganyiko wa wino nne. Sahani za kuchapia zikisogea hata kidogo, herufi zinapata ukungu wa rangi pembeni.

KurasaMbili:
Kwa GB 4, Photopea, programu ya kuhariri picha, inatosha. Inafunguka kwenye kivinjari, inasoma PSD (faili za Photoshop), na faili linabaki kwenye kompyuta yako. Funga vichupo vingine na uhifadhi PSD mara kwa mara, kivinjari kikizima kazi imekwenda.

Matangazo ya mitandaoni yapime kwa kipimo cha WebAIM, kinachoonyesha maandishi yanavyotofautiana na rangi ya nyuma yake: maandishi ya kawaida yafikie 4.5:1, makubwa 3:1. Kijivu #777777 juu ya nyeupe ni 4.48, kimeanguka. #767676 kinapita. Kwa macho hutaona tofauti, ndiyo maana unapima.

Mkono nao uunoe kwa michezo ya mazoezi: Kern Type kwa nafasi za herufi, na The Bézier Game kwa kalamu ya Inkscape. Zote ni za kivinjari, bure.